Mwalimu wa Mpira na Shamba la Pamba

Habari nitakayoieleza yahusu mwalimu mmoja wa mpira katika nchi ya Marekani, lakini sina budi kuianzia hapa kwetu Muleba, tena kuianzia kwa kosa langu mwenyewe.

Katika mwaka wa 2009 nalikuwa mwalimu kijana wa hesabu na wa michezo katika shule moja ya sekondari, upande wa Kamachumu. Kijana aliyelinda lango letu alikuwa wa kidato cha tatu, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyoushika mpira kama mama ashikavyo mtoto. Zilikuwa zimesalia wiki mbili tu kabla ya michezo ya UMISSETA ya wilaya. Siku hiyo jioni, tukiwa uwanjani, nalimwona mzee mmoja amesimama kando ya mistari, fimbo mkononi, akingoja nimalize. Alikuwa baba yake.

“Shikamoo, Tata,” nikamwambia.

“Marahaba, mwalimu. Naona watoto wanakusikia.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nimekuja kumwomba huyu wangu kwa muda wa wiki tatu. Kahawa imeiva. Mama yake yu mgonjwa, na mgongo wangu hauinami tena.”

Nikamjibu ya kuwa kahawa hungoja, lakini michezo haingoji. Akatikisa kichwa. “Kahawa ile haingoji, mwalimu, maana si yangu. Nalikwisha kuiuza ingali maua.”

Wenzetu wa mikoa mingine huenda wasielewe neno hilo. Huku kwetu jambo hilo huitwa butura: mtu mwenye shida huchukua fedha kidogo kwa mkopeshaji, naye humwahidi kahawa iliyo mtini bado, ikisha kuiva, mkopeshaji huja na magunia yake na kuibeba kwa bei ile ya siku ya njaa. Serikali imeipiga marufuku, walakini marufuku haimpi mtu fedha ya dawa. Mzee yule alikuwa amenifungulia siri ya nyumba yake mbele ya watoto wa watu. Nami, badala ya kuiona heshima aliyonipa, nikaona tu kwamba nanyang’anywa mlinda lango.

Nalimwambia hivi: “Tata, shule si mahali pa kuazima watoto. Akienda, asirudi kwenye timu yangu.”

Mzee hakukasirika. Akasema tu, “Nimekusikia, mwalimu,” akageuka, akaishika njia ya migombani. Siku ya pili dawati la kijana lilikuwa tupu. Nikachukua kalamu ya wino mwekundu nikalikata jina lake, na nikawaeleza wenzake darasani kwa nini nimelikata. Katika mchezo wa kwanza tulifungwa magoli manne. Hilo si kitu. Kitu ni kwamba kuchuma kahawa kulipokwisha kijana aliona haya kurudi mbele ya darasa lililokwisha kusikia maneno yangu, akafuatana na mjomba wake kwenda kisiwa cha Goziba kuvua dagaa. Hakukaa tena katika dawati la shule yo yote.

Kwa miaka saba nalijipa sababu nyingi. Nalisema ni umaskini, ni butura, ni wazazi wasiojua thamani ya elimu. Kisha tarehe 10 Septemba 2016 likaja tetemeko la ardhi lililobomoa nyumba nyingi za Bukoba na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Nalikwenda mjini kuwatazama jamaa, nikalala siku kadhaa uani kwa mwalimu mwenzangu ambaye nyumba yake ilikuwa imepasuka kutoka msingi hata paa. Mwenzangu huyo amepata kusoma Marekani, naye alikuwa akiviokoa vitabu vyake kutoka ndani, akivitandaza juu ya jamvi. “Wewe wa mipira,” akaniambia, “chukua hiki.” Kilikuwa kitabu cha habari za mwalimu Eddie Robinson wa chuo cha Grambling, katika jimbo la Louisiana. Nalikisoma chini ya migomba, kwa taa ya mkononi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulala ndani.

Yafaa niseme kwanza kwamba mpira aliofundisha si huu wetu. Mpira wa Kimarekani umechongoka huku na huku kama papai dogo, hubebwa kwa mikono, na wachezaji, 11 kila upande, hugongana kama mafahali. Hata leo sizielewi vema sheria zake. Lakini alifundisha pia mpira wa kikapu, na huo naujua. Mchezo huo ulibuniwa na mwalimu pia, James Naismith, mwaka wa 1891 katika mji wa Springfield, ili wanafunzi wake wapate kucheza ndani wakati wa baridi; alitundika vikapu vya matunda, na vikapu vilikuwa na vitako, hata kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa. Niliposoma hayo nilicheka, maana kwetu shuleni kikapu cha kwanza kilikuwa rimu ya baiskeli iliyopigiliwa juu ya nguzo ya mkaratusi, nasi tulijiona maskini kupita watu wote duniani.

Robinson alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima pamba katika shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Alipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, aliona mwalimu wa mpira akifika shuleni kwao pamoja na wachezaji wake wamevaa sare, akaona jinsi vijana wakubwa walivyomsikiliza mtu yule, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Akasoma, akacheza mpira katika chuo cha Leland, akamaliza mwaka wa 1941. Lakini kazi ya kufundisha haikupatikana. Akafanya kazi katika kinu cha vyakula vya mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa, akiwa na shahada yake na mke wake Doris aliyemwoa mwaka huo huo. Ndipo akasikia ya kuwa chuo kimoja cha watu weusi kaskazini mwa jimbo chahitaji mwalimu wa mpira.

Chuo hicho wakati ule kilikuwa na jina refu la Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Yasimuliwa kwa utani kwamba timu pinzani ilikuwa imekwisha kufunga kabla washangiliaji hawajamaliza kulitamka. Jina fupi la Grambling lilikuja rasmi mwaka wa 1946. Robinson alikuwa na umri wa miaka 22, na mshahara wake ulikuwa dola 63 na senti 75 kwa mwezi. Kwa mshahara huo alifundisha mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu. Alikata majani ya uwanja mwenyewe. Alichora mistari mwenyewe. Aliwafunga vijana vifundo vya miguu vilivyoteguka, na mchezo ulipokwisha akaketi kuandika habari zake ili magazeti yapate kuzichapa, kwa maana hakuna mwandishi aliyekuja kuwatazama. Mkuu wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, hakumcheka kwa hayo, kwa kuwa yeye naye alikuwa akifundisha mchezo wa besiboli.

Msomaji aliye mwalimu wa michezo katika wilaya zetu hahitaji kuelezwa ladha ya kazi hiyo. Hata mimi nimechora mistari kwa majivu ya jikoni pale chokaa ilipokosekana.

Mwaka wa kwanza, 1941, timu yake ilishinda mara 3 na kushindwa mara 5. Mwaka wa pili ilicheza mara 9, ikashinda zote 9, wala hakuna timu iliyopata hata pointi moja mbele yake. Baadaye vita vya dunia vikawachukua vijana, na katika miaka ya 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani. Mtu mwingine angepumzika. Robinson akaenda kuwafundisha wavulana wa shule ya sekondari ya Grambling. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipokifunga kitabu kwa kitambo.

Kulikuwa na ndugu wawili katika timu ile ya shule, wachezaji wake walio bora. Wakati wa kuchuma pamba ulipofika, baba yao akawatoa katika timu, kwa sababu pamba imepasuka na mikono nyumbani haitoshi. Mwalimu Robinson hakumwandikia barua, wala hakulikata jina la mtu kwa wino mwekundu. Aliichukua timu nzima akaenda nayo shambani, wakachuma pamba ya mzee yule mpaka kazi ikapungua, nao vijana wakarudi kucheza. Mwaka huo timu ikawa bingwa wa shule za watu weusi katika jimbo.

Nalisikia haya usiku ule chini ya migomba. Mimi nalikuwa na vijana 18 wenye nguvu, na kibanja cha mzee hakikufika nusu ekari. Siku mbili zingetosha. Jambo hilo halikunijia hata kwa ndoto, maana nalidhani kazi yangu imeanzia na kuishia kwenye mistari ya uwanja.

Nitayapita upesi mambo mengine ya Robinson, ingawa kwa watu wengi hayo ndiyo sifa yake. Katika mpira wa kikapu alifundisha mpaka mwaka wa 1956, na kijana wake mmoja, Bob Hopkins, alifunga pointi 3,759 katika miaka yake minne ya chuo. Kisha kazi hiyo akamwachia Fred Hobdy, aliyekuwa mwanafunzi wake. Katika mwaka wa 1949 mchezaji wake Paul Younger alichukuliwa na timu ya Los Angeles Rams, akawa wa kwanza kutoka vyuo vya watu weusi kuingia katika ligi kubwa ya kulipwa. Na baada yake walifuata zaidi ya 200 kutoka chuo hicho kimoja cha shamba. Tarehe 31 Januari 1988 mwanafunzi wake Doug Williams aliiongoza timu ya Washington kushinda mchezo mkubwa kuliko yote wa nchi ile, pointi 42 kwa 10, akatangazwa mchezaji bora. Wala hapo nyuma hakuna mtu mweusi aliyepata kuongoza timu katika mchezo huo akiwa nafasi ile. Robinson mwenyewe mwaka wa 1985 alipita hesabu ya ushindi ya Bear Bryant, iliyokuwa 323, na mwaka wa 1995 akawa wa kwanza katika mpira wa vyuo kufikisha 400.

Hesabu hizi ni kubwa, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, nami najua namba huficha mambo. Nayapenda zaidi mambo mawili madogo. La kwanza ni kengele. Robinson alipita asubuhi na mapema katika mabweni ya wachezaji akipiga kengele kama zile za ng’ombe, ili waamke waende darasani; hakumwachia mlezi wa bweni kazi hiyo. La pili ni sandwichi. Miaka ile katika majimbo ya kusini mwa Marekani sheria ziliwatenga watu weusi na weupe katika shule, katika magari na katika nyumba za chakula. Timu iliposafiri haikuweza kusimama mahali ikaagiza chakula kama watu. Basi mwalimu aliandaa mikate kabla ya safari, vijana wakala ndani ya basi, njiani, bila kugongea mlango wa mtu ambaye angewafukuza. Wako waliomlaumu kwamba hakupaza sauti katika maandamano ya kudai haki za watu weusi. Lawama hiyo ina nguvu, nami simtetei kwa yote. Lakini mtu aliyehakikisha vijana wake hawaombi mkate mahali pa kudharauliwa, sioni kwamba alinyamaza kabisa.

Mwisho wa kazi yake haukuwa mzuri. Katika miaka mitatu ya mwisho timu ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, watu wakataka aondoke, akaombewa msimu mmoja zaidi, akatoka mwaka wa 1997 akiwa na ushindi 408, baada ya kuanza na wavulana waliokuwa sasa babu za watu. Nikilinganisha, namkumbuka Carey Francis wa upande wa pili wa ziwa letu: mtu wa hesabu aliyeacha chuo kikuu cha Cambridge mwaka wa 1928 akaja kuongoza shule ya Maseno, kisha kuanzia mwaka wa 1940 akaiongoza shule ya Alliance huko Kikuyu hata mwaka wa 1962, alipoondoka katika ukubwa huo hakurudi kwao Uingereza kupumzika, bali alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Huyo alijua kushuka kiti. Robinson hakujua, au labda hakuwa na kiti kingine duniani. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007, akiwa na miaka 88, na Doris bado mkewe.

Nilirudi Muleba na kitabu kile. Mwaka uliofuata nikiwa kwenye mwalo mmoja wa ziwa kununua samaki, nikasikia sauti ya nyuma yangu: “Shikamoo, mwalimu.” Alikuwa mlinda lango wangu. Amenenepa mabega, ngozi imeungua kwa jua la maji, na mikono ile ile sasa imejaa makovu ya kamba. Nikamwuliza habari za baba yake. Akasema amekwisha kufariki. Nalikuwa nimeyatayarisha maneno ya kumwambia siku nyingi, tena mazuri. Hayakutoka. Akanichagulia sangara mmoja, akakataa fedha, akaniambia niwasalimie watoto wa shule.

Katika mwaka wa 2018, mwezi wa Mei, mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Winga wetu wa kushoto hakuonekana siku tatu. Safari hii nalimfuata nyumbani mimi mwenyewe. Nalimkuta juu ya ngazi ya miti ndani ya kibanja, kikapu kiunoni, na baba yake chini akiokota zilizoanguka. Baada ya salamu na kahawa ya kutafuna niliyopewa na bibi wa nyumba hiyo, nikamwuliza mzee ni debe ngapi zilizosalia mtini. Akanitazama kama mtu anayetazamwa na mkopeshaji. Nikamwambia Jumamosi nitakuja na watu.

Tulikuwa 23, maana wasichana wa netiboli nao walikataa kubaki nyuma. Mzee hakuamini hata alipotuona. Saa ya kwanza tulimtia hasara: vijana wawili waliokulia Bukoba mjini walikuwa wakikwangua tawi zima, mbivu na mbichi pamoja, mpaka bibi akaja na fimbo akawafundisha kuchagua nyekundu tu na kuacha kijani. “Mwalimu wenu anawafundisha nini huko?” akauliza, na wote wakacheka, nami nikacheka. Mchana tulikula ndizi na maharage kwenye majani ya migomba. Jumapili mchana tulirudi tena. Jua lilipokuchwa kibanja kilikuwa kimekwisha, kahawa imeanikwa juu ya majamvi mpaka mlangoni. Sehemu yake kubwa ilikuwa ya mkopeshaji, tulijua hivyo. Hatukuweza kulivunja deni, tuliweza kuchuma tu.

Jumatatu winga alikuwa darasani. Katika michezo ya wilaya tulishinda mara mbili, tukatolewa mara ya tatu kwa goli moja. Katika mchezo huo, dakika za mwisho kabisa, winga wetu aliutia mpira wavuni na mwamuzi akalikataa goli. Nikasikia mtu akinivuta shati. Alikuwa baba yake, amevaa koti lake la sikukuu. Alikuwa amekuja kwa miguu bila kuniambia.

“Mwalimu, kwa nini amelikataa?”

“Ameotea, Tata.”

“Kuotea ni nini?”

Nikamweleza kwa vidole, kwa mawe, na kwa mistari niliyochora ardhini kwa fimbo yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akayatazama mawe yale kwa muda mrefu, akasema kwamba maelezo ameyaelewa, lakini goli lilikuwa goli.